Barua ya wazi kwa viongozi wa afya na lishe Nyanda za Juu Kusini: watoto wa ng'ambo ya mto nao wahesabiwe

Waheshimiwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, maafisa lishe, wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa wilaya, pamoja nanyi mnaotuletea miradi kutoka mbali,

Kamwene. Nawasalimu kutoka bondeni Pawaga, mkoani Iringa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mmoja, mwanzoni kwa baiskeli ya mradi, na baiskeli ilipochoka, kwa miguu. Naandika hadharani kuhusu watoto waliodumaa ambao fomu zetu haziwaoni, kwa sababu haya nimeshayasema kwenye vikao zaidi ya mara moja, yakaandikwa kwenye mihtasari, na mihtasari ikalala kabatini.

Nianze na siku moja. Ilikuwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI kama tunavyoiita. Mizani tuliitundika kwenye mkwaju ulio karibu na ofisi ya kijiji, kina mama wakajipanga kivulini, watoto wanalia kila wanapovalishwa ile kaptula ya kupimia. Saa tano kasoro akafika mama mmoja wa Kibarbaig, jamii ya wafugaji, na mtoto mgongoni, bangili za shaba zimejaa mkononi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alitoka bomani kwake alfajiri. Hakuwa na kadi ya kliniki. Binti yake wa miaka kama kumi na mmoja ndiye aliyekuwa akitutafsiria.

Nikamzungushia mtoto utepe kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 13 na kidogo. Kijani. Nikamwambia mama, "Hongera, mtoto yuko vizuri," binti akatafsiri, mama akatabasamu. Kisha nikauliza umri. Mama hakuwa na tarehe, akasema alizaliwa msimu ule mto ulipofurika ukachukua mpunga wa watu. Tukahesabu kwa vidole, masika baada ya masika: miaka miwili na miezi mitatu. Wakati nahesabu, mtoto akashuka chini, akaenda kusimama kando ya mjukuu wa jirani yangu, ambaye nilimwandikisha mwenyewe siku aliyozaliwa na alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Walikuwa sawasawa kwa kimo. Yule mdogo alimzidi huyu kidogo, kama upana wa kidole.

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Fomu yangu ina sehemu ya utepe na sehemu ya uzito. Sehemu ya urefu haina. Ubao wa kupimia urefu ulikuwa zahanati, stoo, chini ya maboksi ya vyandarua, na ulikuwa ukitolewa wageni wanapokuja. Jioni nikajaza taarifa ya siku, na mtoto yule akaingia kwenye mstari wa wenye hali nzuri. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, na hadi leo naukumbuka mstari ule.

Wataalamu mnalijua hili kuliko mimi, lakini wapo watakaosoma barua hii bila kulijua, kwa hiyo nalieleza. Utepe wa mkono unapima ukondefu. Unatuonyesha mtoto aliye hatarini leo: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Ni kifaa kizuri sana, nimewahi kumpeleka mtoto hospitali usiku kwa sababu ya utepe huo na leo anasoma darasa la tatu. Udumavu ni ugonjwa mwingine. Ni urefu usioendana na umri, ni njaa ya polepole iliyochanganyika na maradhi ya kurudiarudia, inayoanzia mimba ikiwa changa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, zile siku 1,000 tunazozihubiri kila mkutano. Mtoto anaweza kuwa na mkono mnene na akawa amedumaa. Utepe haumwoni. Anaonekana kwenye ubao wa urefu, na ubao unataka watu wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine anyooshe magoti na kusogeza kibao cha miguuni, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala. Unataka pia umri wa kweli, si wa kukisia. Ndiyo maana unakwepwa. Kazi yake ni ndefu na foleni ni ndefu.

Sasa tazameni tulipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini umeshuka hadi asilimia 30, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Tunashukuru. Lakini Iringa ulipanda, kutoka takribani asilimia 42 hadi 56.9, ukaongoza nchi nzima. Njombe ilikuwa 50.4, Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Mahindi yanatoka kwetu, viazi vinatoka kwetu, maparachichi yanapakiwa kwetu kwenda nje ya nchi, mpunga wa Pawaga unaliwa mjini. Zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wetu wamepungukiwa kimo, na wengi wao wamepungukiwa na mengine yasiyoonekana kwa rula.

Na katika miaka ile ile hatukukosa miradi. Nimehudhuria semina za uji wa lishe, bustani za mbogamboga, kufuga sungura, kunawa mikono kwa chupa ya kamba, vikundi vya akina baba. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan. Mwaka 2022, akiwa Rais, ukasainiwa upya. Halmashauri zikaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, zikawekewa kadi alama yenye kijani, njano na nyekundu. Sisemi miradi hiyo ilikuwa ya bure. Nasema namna tunavyoifuatilia haiwezi kutuambia ipi ilikuwa ya bure na ipi ilimsaidia nani.

Maswali yanayotufikia huku kijijini ni haya: fedha imetumika? Kikao kimekaa? SALIKI imefanyika? Matone ya vitamini A yametolewa mwezi wa sita na wa kumi na mbili? Wangapi wamefikiwa? Ni maswali ya haki, na naomba yaendelee. Swali ambalo halijawahi kunifikia mimi, tangu nianze, ni hili: kati ya kitongoji kilicho karibu na zahanati na kile cha mwisho kabisa, tofauti imepungua au imeongezeka?

Hilo neno "waliofikiwa" naomba niling'ang'anie kidogo, kwa sababu ndilo linalobeba taarifa zetu zote. Jirani yangu ni mama mwenye bidii. Anakaa hatua mia mbili kutoka ofisi ya kijiji. Mafunzo ya uji alihudhuria mara nne, kila mara akasaini karatasi ya mahudhurio, kila mara akapewa soda, na kwenye taarifa ya robo mwaka akahesabiwa kama wanawake wanne. Mama wa bomani hakuhudhuria hata mara moja. Ukijumlisha hao wawili, kwenye karatasi tumefikia wanawake wanne kati ya wawili. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Fomu ndivyo ilivyotengenezwa.

Vivyo hivyo kwenye asilimia. Asilimia ni sehemu ya jumla, na jumla yetu haijulikani. Mwaka mmoja kituo kimoja cha huduma katika maeneo tunayofanyia kazi kilionyesha chanjo ya surua imepita asilimia mia moja. Tulipigiwa makofi kikaoni. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, najua kuna watoto ng'ambo ya mto ambao hawajawahi kuona sindano. Namba ilipita mia kwa sababu waliokuja kuchanjwa walitoka hata vijiji vya jirani, huku watoto wa mabomani hawamo kwenye makadirio wala kwenye daftari. Wasiohesabiwa chini ya mstari hawawezi kukosekana juu ya mstari.

Kila ninapouliza kwa nini hawamo, jibu ni moja: "Hao wanahama." Naomba niliseme hili kama mtu anayevuka mto kwenda kwao. Wanaohama ni vijana na ng'ombe. Kina mama, wazee na watoto wadogo wanabaki. Boma la mama yule lipo pale tangu kabla sijamzaa mtoto wangu wa mwisho, na mtoto huyo sasa yuko sekondari. Na hapo ndipo penye jambo ambalo hakuna fomu iliyowahi kulikamata: ng'ombe wakiondoka kiangazi, maziwa yanaondoka nao. Kuanzia mwezi wa nane hadi mvua zinapoanza, mtoto anayesifiwa kuwa "wa wafugaji, anakunywa maziwa" anakula ugali mkavu na maji ya chumvi. Tukimpima mwezi wa tano tunamkuta anang'aa. Tunaandika kijani, tunaondoka.

Pengo hili halikuanza jana, wala halitokani na uzembe wa kina mama hao. Wabarbaig, ambao wengi wetu tunawaita Wamang'ati bila kujua kwamba ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui, asili yao ni kaskazini, kule Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea walipoteza malisho yao bora kwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma. Familia nyingi zikashuka kusini kidogo kidogo. Wafugaji waliofika Usangu nao wakaondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007. Mtu aliyehamishwa hivyo hawezi kuiona serikali ikija na daftari akafurahi. Siku nilipotaka kuandika jina la mtoto yule, mama alisema neno, binti akasita kulitafsiri, nikamsihi. Akasema, "Mama anauliza, mkishaandika watoto mtakuja kuhesabu ng'ombe?"

Niliweka kalamu chini. Nikakaa naye, tukazungumza mambo mengine: mvua, kisima, mkunga wa jadi aliyemzalisha. Jina aliniambia mwenyewe nilipomtembelea mara ya tatu.

Kwenye semina moja mjini Iringa mwezeshaji alitueleza kwamba Marekani, nchi tajiri kuliko zote, nao wanahangaika na jambo la jamaa yake na hili, ila kwao linafuata rangi ya ngozi. Nikalitafuta mwenyewe kwenye simu. Mwaka 1985 waziri wao wa afya, Margaret Heckler, alitoa ripoti iliyosema kwamba kila mwaka takribani vifo 60,000 vya Weusi na watu wa jamii nyingine za wachache visingetokea kama wangekuwa na afya sawa na ya Weupe. Mwaka 1999 kituo chao cha kudhibiti magonjwa kilianzisha mpango wa kuzipa jamii zenyewe fedha za kupambana na tofauti hizo, na takwimu zao nyingi za afya huchambuliwa kwa rangi. Hawajaziba pengo. Ila wanaliona, na mtu anayeliona hawezi kudanganywa na wastani. Angalieni mfano huu: mwaka 2022 vifo vya uzazi Marekani vilikuwa 22.3 kwa kila vizazi hai 100,000, mwaka 2023 vikashuka hadi 18.6. Ukisikia hivyo unashangilia. Lakini kwa akina mama Weupe vilishuka kutoka 19.0 hadi 14.5, na kwa akina mama Weusi vilikuwa 49.5, vikawa 50.3. Nchi ilipiga hatua na wale walioachwa nyuma wakabaki palepale. Kama wasingetenganisha namba, nani angejua?

Na sisi tuna habari njema kama hiyo. Kwa tafiti zile zile za kitaifa za 2015/16 na 2022, vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Mimi nimezaa mara nne, na mara ya pili nilikaribia kufa, kwa hiyo hiyo namba 104 naipokea kwa machozi. Bado nauliza: zahanati iko ng'ambo, mto umejaa, mama anayejua Kibarbaig peke yake ameshikwa na uchungu saa nane usiku. Yeye yumo kwenye upungufu huo?

Najua mara nikisema "tuwatazame Wabarbaig, tuwatazame Wamaasai, Wasukuma waliohamia" kuna watakaoshtuka. Tanzania hatuhesabu watu kwa kabila. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na nawaomba msidhani nataka swali hilo lirudi. Nimelelewa katika nchi ambayo mtu haulizwi kabila zahanati, na naipenda kwa ajili hiyo. Lakini kutouliza kabila kusigeuke kuwa kutoona. Yapo maswali yanayomwona mtoto bila kumtenga: anaishi kitongoji gani? Kutoka kwao hadi zahanati ni mwendo wa saa ngapi, na masika je? Nyumba inaishi kwa kilimo, mifugo au kibarua? Mama anazungumza lugha gani akiwa na uchungu? Mkiyaweka hayo manne kwenye daftari, watoto wa mabomani wataonekana, na pamoja nao wataonekana wengine ambao si wafugaji kabisa: watoto wa vibarua wa mashamba ya chai kule Mufindi, watoto wa wapasua mbao wanaoishi kwenye kambi za misitu, watoto wa wavuna mpunga wanaokuja bondeni msimu mmoja na kuondoka. Hao nao "wanahama".

Wala msiseme kazi ya kumfuatilia mtu mmoja mmoja haiwezekani kwetu. Inawezekana, kwa sababu tunaifanya tayari. Ukanda wetu ndio wenye maambukizi makubwa ya VVU nchini: utafiti wa 2022/23 ulionyesha kitaifa asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi, Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Na katika VVU tulijifunza, kwa uchungu wa kuzika watu, kwamba haitoshi kuhesabu walioanza dawa. Mteja wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ana namba yake. Akikosa siku ya kliniki anapigiwa simu. Asipopokea, mimi natumwa nyumbani kwake, kimya kimya, nakwenda kama jirani anayepita. Akihamia Makambako au Mbarali, anaandikiwa uhamisho na namba yake inakwenda naye. Kila kituo kinajua waliopo, waliohama, waliofariki na waliopotea, na huyo aliyepotea ana jina. Sasa jamani, kama tunaweza kumtafuta mtu mzima aliyekosa vidonge kwa wiki mbili, tunashindwaje kumtafuta mtoto ambaye hajawahi kupimwa urefu tangu azaliwe?

Tofauti ni kwamba yule tumekubali kuwa akipotea ni kosa letu. Mtoto wa bomani akikosekana, tumezoea kuandika kwamba jamii ina mwitikio mdogo.

Basi ninachokiomba ni hiki. Kila kijiji kiwe na daftari moja la watoto wa chini ya miaka miwili na wajawazito, la kitongoji kwa kitongoji, mabomani na kambini wakiwemo, na kila mradi utakaokuja utumie daftari hilohilo badala ya kuja na la kwake. Ubao wa urefu utoke stoo. Si lazima tupime watoto wote kila mwezi. Tukipima walio chini ya miaka miwili mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, tutajua mengi kuliko tunayoyajua leo. Na taarifa inayopanda wilayani isiwe ya kijiji kizima peke yake. Iwe na mistari miwili, kitongoji kinachofanya vizuri zaidi na kinachofanya vibaya zaidi, ili mkubwa akiisoma aone umbali uliopo kati ya mistari hiyo kabla hajaweka rangi ya kijani.

La pili linawahusu mnaoleta miradi. Mradi mmoja niliofanya nao kazi ulitupa vishikwambi. Tuliingiza majina, umri, vitongoji, kazi ya karibu miaka mitatu. Mradi ulipofungwa, walikuja na gari, wakakusanya vishikwambi, tukasaini tumevirudisha. Taarifa zetu ziliondoka na gari lile. Hakuna aliyetuachia hata karatasi moja yenye majina ya watoto tuliowaandika wenyewe. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla mwezi Januari, ndipo wengi walipoelewa kuwa mradi unaweza kufa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Naomba iwe sharti la halmashauri, kabla ya mradi wowote kupiga hodi kijijini: nakala ya taarifa ibaki kijijini na zahanati, kwa lugha tunayosoma, tangu siku ya kwanza, isisubiri siku ya kufunga.

Kisha turudishieni majibu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Tunasomewa mapato na matumizi, kama ilivyo haki yetu. Hatujawahi kusomewa hali ya watoto wetu. Katika miaka kumi na mmoja nimepeleka taarifa kila mwezi, na haijarudi hata moja kuniambia "umeona nini, tumefanya nini." Mama aliyetembea kutoka alfajiri ana haki ya kujua kwamba kile kipimo kiliandikwa wapi na kilileta nini. Na nina hakika baba zao wakisikia mbele ya wote kwamba kitongoji chao ndicho chenye watoto wafupi kuliko vyote, na sababu ikaelezwa kwa heshima bila kuwaaibisha, watabakiza ng'ombe wawili watatu wa maziwa bomani kiangazi. Nimezungumza na wazee wao. Mmoja aliniambia hakuna aliyewahi kuwaomba.

Mwisho wa maombi yangu ni kuhusu nani atakayeifanya kazi hii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ila mkichagua, vukeni mto. Mkishikilia cheti peke yake mtapata vijana wazuri wa senta, ambao bomani watahitaji mkalimani kama mimi. Yule binti aliyetutafsiria siku ile anajua Kiswahili, Kibarbaig na Kihehe cha sokoni, na alikuwa darasa la nne. Asipoozwa mapema, miaka saba ijayo angeweza kuwa na daftari lake. Wapo dada zake wakubwa wanaojua kusoma sasa hivi. Wafundisheni hao na mtafute njia ya kuwatambua hata kama vyeti havijatimia.

Mimi sikungoja. Mganga wa zahanati ameniruhusu kuutoa ubao, na kijana mmoja wa kwaya yetu amejifunza kushika kichwa cha mtoto bila kumtisha. Tumeanza na vitongoji viwili, majina tunayaandika kwenye daftari la kaunta nililolinunua dukani, safu ya urefu nimeichora kwa rula. Mtoto yule wa bangili za shaba, maana sote tunamwita kwa bangili za mama yake, tumempima mara mbili sasa. Kati ya masika na kiangazi ameongezeka sentimita moja na nusu.

SALIKI inayofuata tutaifanyia ng'ambo, chini ya mgunga ulio karibu na boma lao, saa tatu asubuhi, kabla mvua hazijaanza na mto kujaa. Gari linafika hadi kivukoni, baada ya hapo ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nawakaribisha mje, yeyote kati yenu, bila msafara. Tuna upungufu wa mtu wa kunyoosha magoti.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Pawaga, Iringa